Kinachoshuka kwa Mlango wa Nyuma

Ndege ya jeshi ya kubeba mizigo ina milango ya namna mbili, na kila mmoja una watu wake. Wa mbele, mwembamba, wenye ngazi fupi, ni wa marubani na wa wakubwa wanaopokewa kwa gwaride na mashada ya maua. Wa nyuma, ulio chini ya mkia, ni wa vyote vilivyobaki: magari, mapipa ya mafuta, mahema, mahindi, dawa, askari wa kawaida na begi lake, majeruhi kwenye machela, na jeneza. Huu wa pili umenikaa moyoni kwa muda mrefu kwa sababu mimi ni mtu wa Songea. Mji wetu umetoa vijana na chakula vya kupita mlango huo, na kuna mmoja wetu tunayemdai ambaye bado hajarudishwa.

Mlango wenyewe una historia. Ndege za kwanza zilizobeba mizigo ya vita hazikuwa nao. Dakota, iliyofanya kazi hiyo kuliko nyingine zote katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na mlango ubavuni. Ikiwa chini, ilikaa juu ya gurudumu dogo la mkiani, pua imeinuka, na sakafu yake ilikuwa mlima. Kila kilichoingia kiliinuliwa kwanza kwa mikono ya watu, kisha kikasukumwa kupanda kwenda mbele. Gari dogo la jeshi liliingia kwa mbao za kuegemeza na jasho jingi. Lori halikuingia kabisa. Wahandisi wakaja kupangua mambo. Mabawa wakayapandisha mgongoni ili tumbo la ndege lishuke karibu na ardhi. Miguu ya magurudumu wakaifupisha, wakaificha kwenye vifuko vya ubavuni. Mkia wakaupinda kwenda juu ili chini yake pabaki nafasi ya lori kuja kinyumenyume. Halafu wakaikata ile sehemu iliyopinda, wakaifanya mlango wa vipande viwili: cha juu huinuka na kujificha ndani ya mkia, cha chini hushushwa kwa nguvu ya haidroliki hadi kigote ardhini, nacho kinageuka kuwa njia ya kupandia. Hercules ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza Agosti 1954, ndiyo iliyolieneza umbo hili duniani, na ndege nyingi za kazi hiyo bado zinaliiga.

Kwetu Tanzania umbo hilo liliingia kwa jina la Caribou. Jeshi la Wananchi liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka huo. Waliotangulia kutusaidia upande wa anga walikuwa Wajerumani wa Magharibi, lakini wakaondoka 1965 katika ugomvi wa Ujerumani mbili juu ya ubalozi mdogo wa ile ya Mashariki nchini mwetu. Canada ikashika nafasi yao. Ikafundisha marubani na mafundi hadi 1970, na ikaleta ndege za kiwanda chake cha de Havilland: Otter, na Caribou yenye mlango wa nyuma. Buffalo, ya kiwanda hicho hicho, ilikuja baadaye. Caribou ilibeba askari 32 au magari mawili madogo ya jeshi, na sifa yake kubwa ilikuwa kutua na kuruka kwenye kiwanja kifupi cha udongo, mahali ambapo ndege nyingine ya ukubwa wake isingethubutu.

Mtu asiyeijua Songea ya zamani hawezi kuiona thamani ya sifa hiyo. Kutoka Dar es Salaam kwa barabara ni karibu kilomita elfu moja, na kabla ya lami ya kutoka Makambako kukamilika katika miaka ya 1980, masika yalipokolea tulikuwa kisiwani bila bahari. Malori yalizama njiani siku kadhaa, na sukari na mafuta ya taa vilikuwa habari ya kusikia. Mpaka wa Msumbiji uko karibu, na ng'ambo ya Mto Ruvuma palikuwa na vita vya ukombozi hadi 1974, kisha vikafuata vita vingine. Ndege inayotua popote na kufungua mkia wake ilikuwa kitu cha kutegemewa. Leo pale uwanja wa Ruhuwiko, uliorefushwa na kukarabatiwa miaka michache iliyopita, inatua Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, na wasafiri wengi hawajui kwamba ndege hiyo imetoka katika ukoo ule ule wa Caribou, kiwanda kile kile cha Canada. Napenda kuwaambia kila ninapopata nafasi.

Jirani yetu mmoja wa Mjimwema, askari mstaafu, alizipanda ndege hizo ujanani. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi, nikamwamkia, nikakaa chini kumsaidia. Nikamuuliza ndani kulikuwaje.

"Unaingia kwa nyuma, mwanangu," akasema. "Unakaa ubavuni kwenye kiti cha turubai, mgongo ukutani, unatazamana na mwenzako. Katikati ni mzigo, umefungwa minyororo. Dirisha liko mgongoni, hulioni. Hujui mko juu ya nini, hujui mnafika saa ngapi."

"Sasa mtajuaje kama mmefika, mzee?"

"Mlango. Unaona mwanga mwembamba kule mkiani, kama uzi. Uzi unapanuka. Kitu cha kwanza unachokiona cha nchi uliyopelekwa ni majani yake, yamelala kwa upepo wa rafadha."

Akaendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo. Kisha akanieleza habari ya mtu mmoja aliyekuwa na kazi ya peke yake humo ndani: msimamizi wa mzigo. Mlango ukishafungwa na taa ya rubani ikaonyesha kwamba umefunga, mtu huyo hakuridhika. Alipita na tochi, akishika makomeo kwa mkono, moja baada ya jingine. "Taa ni ya rubani," mzee akasema. "Mkono ni wa wale walioko nyuma."

Maneno hayo nimeyabeba. Nilipoanza kusoma habari za ndege hizi niliona kwamba uangalifu wa namna ile haukuwa wa kila jeshi, wala wa kila kampuni.

Abiria wa Q400 pale Ruhuwiko huingia kwa jina. Jina liko kwenye tiketi, kwenye kitambulisho, kwenye orodha ya mlangoni. Asipotokea ataitwa kwa kipaza sauti. Kinachopita mlango wa nyuma wa ndege ya jeshi kina karatasi ya namna nyingine: uzito, urefu, na mahali kitakapokaa. Hesabu hiyo ni ya uhai na kifo, kwa maana uzito ukilemea mkiani pua huinuka kupita kiasi, mabawa hushindwa kuishikilia hewa, na ndege huanguka. Kwa hiyo kilo lazima zihesabiwe. Ninachokiogopa mimi ni pale mtu anapopita mlango huo na kubaki kilo.

Tarehe 8 Mei 2003, usiku, Ilyushin Il-76 iliyokodiwa kutoka Ukraine iliruka kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi. Il-76 ni jitu la ndege, lenye injini nne za jeti na mlango wa nyuma wa kuweza kumeza malori. Usiku huo ilibeba askari na polisi wa Kongo waliokuwa wakihamia Lubumbashi na wake zao na watoto wao na vyombo vyao vya nyumbani. Wengi walikaa sakafuni kati ya mizigo. Safari ilipofika kama dakika 45, mlango wa nyuma ukafunguka angani. Hewa iliyokuwa imefungiwa ndani ikatoka kwa kishindo, na watu wakatoka nayo, pamoja na masanduku yao. Walionusurika walijishikiza kwenye kamba na nyavu za kufungia mizigo. Marubani waligeuza na kufanikiwa kurudi Kinshasa, ndege iko wazi mkiani, na waliosalia ndani walishuka wakiwa wamepigwa na baridi na upepo, wengine bila waliokuwa wamewapakata.

Serikali ilithibitisha vifo vichache. Walionusurika na watu wa uwanja wa ndege waliwaambia waandishi wa habari kwamba waliopotea walizidi 100. Hesabu hizo mbili hazikupatanishwa. Nimejiuliza inawezekanaje watu kwa makumi watofautiane kati ya karatasi moja na nyingine, na jibu langu ni kwamba familia zile zilipakiwa kama mzigo. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Aliyekwenda kupokea ndugu zake usiku ule, kama alikuwapo, aliwauliza wahudumu kwa lugha hii hii ninayoiandika. Ukimuuliza mtu "mke wangu yuko wapi" naye akakujibu kwa tani, hakuna mazungumzo tena.

Ufundi wa jambo hilo ni wa kuogofya kwa urahisi wake. Ndege inayoruka juu sana hujazwa hewa ndani ili watu waweze kupumua, na nje hewa ni nyembamba. Hewa ya ndani hutaka kutoka. Tofauti ikifikia nusu ya kanieneo ya hewa tunayoipata ufukweni, kila mita moja ya mraba ya mlango husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 5. Mlango wa Hercules una upana wa karibu mita 3 na kimo kisichopungua sana hapo. Piga hesabu mwenyewe. Mlango mdogo wa abiria hutengenezwa kwa namna ambayo hewa ya ndani huukaza kwenye fremu yake. Mlango mkubwa wa kufunguka kwenda nje hauwezi kupata msaada huo kirahisi, kwa hiyo usalama wote huachiwa makomeo. Tarehe 4 Aprili 1975 Galaxy ya jeshi la Marekani iliondoka Saigon ikiwa na watu zaidi ya 300, wengi wao watoto yatima waliokuwa wakitolewa vitani. Makomeo ya nyuma yakaachia angani. Mlango ulipong'oka ulikata mabomba ya haidroliki na nyaya za kuongozea mkia, na marubani walijitahidi kurudi lakini wakaangukia mashamba ya mpunga. Walikufa watu 138. Caribou na Buffalo zetu hazikujazwa hewa ndani, ziliruka chini, na mlango wake uliweza kufunguliwa angani bila madhara hayo. Mzee wa Mjimwema alikuwa salama kuliko alivyojua, na bado yule msimamizi alipita na tochi.

Historia ya eneo letu imeupitisha mlango huu katika mambo makubwa. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, Hercules ya kwanza kati ya nne za Israel ilitua Entebbe, na kabla haijatulia sawasawa ikateremsha kwa nyuma Mercedes nyeusi iliyofananishwa na gari la Idi Amin, na Land Rover mbili zikiifuata kana kwamba ni walinzi wake. Hila nzima ilitegemea kwamba gari linaweza kutoka ndani ya ndege likiwa linatembea. Miaka mitatu haijaisha, Aprili 1979, ni Jeshi letu lililofika Entebbe hiyo hiyo. Libya ilikuwa imemletea Amin askari na silaha kwa ndege; wa kwetu walifika kwa malori na kwa miguu kutoka Kagera, mwendo wa miezi. Walikuwamo vijana wa Ruvuma, kama walivyokuwamo wa kila mkoa. Jambo hili huwa naliwaza kila nikisikia jeshi likipimwa kwa wingi wa ndege zake.

Na Mwanza haisahauliki. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha madege ya Il-76 yakitua kando ya Ziwa Victoria na kuondoka na minofu ya sangara kwenda Ulaya, ikauliza: yanapokuja yanakuwa yamebeba nini? Filamu ilidokeza silaha za vita vya Kongo na kwingineko. Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, akisema imeipaka nchi matope. Wengi walichagua upande siku ile ile, mimi nabaki na swali. Mwananchi ana haki ya kujua kinachoshuka kwa mlango wa nyuma katika uwanja uliojengwa kwa kodi yake, na mwenye kujibu swali hilo vizuri hana haja ya kukasirika.

Desemba 2017 tuliona kilichoshuka. Tarehe 7 mwezi huo kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, wilaya ya Beni katika Kivu Kaskazini, ilishambuliwa usiku na waasi. Vijana wetu 14 waliuawa, na baadaye idadi ikafika 15. Zaidi ya 40 walijeruhiwa. Siku chache baadaye miili 14 ilirudishwa Dar es Salaam kwa ndege, na tarehe 14 Desemba, katika viwanja vya Makao Makuu ya Jeshi pale Upanga, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza taifa kuwaaga. Kila jeneza lilifunikwa bendera. Lilibebwa na askari wenzao, kwa mwendo wa pole, na kila aliyelala ndani alitangazwa kwa jina na cheo chake. Kisha wakasafirishwa kwenda kuzikwa makwao.

Katika mji wa kambi kama Songea, habari ya namna hiyo haiji kwa redio peke yake. Sokoni Majengo mama muuza dagaa alinyamaza katikati ya bei. Wanawake wenye waume au wana huko Kongo waliweka simu mezani wakiitazama, wakiogopa iite na wakiogopa isiite. Msiba ule ulikuwa mzito, lakini taifa lilifanya jambo moja sawasawa: waliopanda kwa mlango wa nyuma wakiwa askari wa kawaida walirudi wakiwa watu wenye majina, na wakubwa wa nchi walisimama kuwapokea. Familia zile za Lubumbashi hazikupata hilo.

Kuna vinavyostahili kuhesabiwa kwa kilo, na hivyo mlango huu umevihudumia kwa heshima. Machi 2019 Kimbunga Idai kilipoizamisha Beira ya Msumbiji na kuwafikia watu wa Malawi na Zimbabwe, ndege ya Jeshi letu ilipakia dawa na chakula Dar es Salaam. Chakula peke yake kilichotolewa na Tanzania kilizidi tani 200. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayojaza ghala la taifa. Ukipita Ruhuwiko wakati wa ununuzi, kabla ya kuufikia uwanja wa ndege, utaona foleni ya Fuso mbele ya maghala ya Wakala wa Hifadhi ya Chakula. Mpakiaji anainama, wenzake wawili wanamtwika gunia la kilo 50, anatembea haraka kwa hatua fupi huku shingo imekaza, na vumbi jeupe la mahindi limemshika kope. Mlangoni amekaa karani na daftari, akichora kijiti kwa kila gunia linalopita. Kijiti cha tano anakilaza juu ya vinne. Nimesimama pale mara nyingi kutazama. Hesabu ya vijiti ni nzuri kabisa kwa mahindi.

Kwa binadamu ni dhambi, na Songea inalijua hilo tangu 1906.

Tarehe 27 Februari mwaka huo, baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga hapa mjini wakuu wa Wangoni zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakawatia katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake, hatua chache kutoka kwa wenzake. Wazee husimulia kwamba walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya ndugu zake. Nchi ilichomwa mashamba na maghala. Wanahistoria hukadiria kwamba vita na njaa viliua watu hata kufikia 300,000. Na simulizi za ukoo wake, zinazotunzwa pia katika Makumbusho ya Maji Maji, zinasema kaburi la Nduna halina kichwa. Kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Wakati ule hapakuwa na ndege. Vichwa vya watu wetu vilibebwa na wapagazi hadi pwani, vikaingia melini ndani ya makasha, vikaandikwa namba vilipofika. Huko Berlin watafiti wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, na kama 200 kati ya hayo ni ya eneo ambalo leo ni Tanzania. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwakutanisha baadhi ya wafu hao na jamaa zao walio hai huko Kilimanjaro. Ilichukua zaidi ya karne moja kuigeuza namba kuwa babu wa mtu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Alikutana na wazao wa Nduna, akaweka shada, akaomba msamaha kwa yale waliyoyafanya wazee wake. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa, akakiri pia kwamba hawezi kuahidi kuwa kitapatikana. Nilimwamini, na sikufurahishwa na waliomcheka. Mtu aliyekuja kusimama mbele ya kaburi lile amefanya ambalo waliomtangulia hawakulifanya. Lakini ahadi ina mwisho wake, na mwisho wa hii ni siku ya kurudi. Nchi yetu iliyoahidiwa inapaswa kuiandaa siku hiyo sasa hivi, kabla hatujashtukizwa na barua.

Ninachokiogopa ni njia rahisi. Kasha dogo, sehemu ya mizigo ya ndege ya abiria, risiti ya uwanjani, hafla fupi katika ukumbi wenye viyoyozi Dar es Salaam, picha za wakubwa, kisha gari la serikali lije usiku kwa barabara ya Makambako na kukabidhi kwa saini. Hapo Nduna atakuwa ameondoka kama mzigo na kurudi kama mzigo, na karatasi zote zitakuwa sahihi.

Basi ombi langu ni hili, na naliandika kwa Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale, kwa Makumbusho ya Taifa, kwa Jeshi la Wananchi na kwa wazee wa Kingoni. Kichwa cha Nduna Songea Mbano kikipatikana, kiletwe kwa ndege ya Jeshi, moja kwa moja hadi Ruhuwiko. Kikae ndani ya jeneza la kimo cha mtu mzima, na jeneza lifunikwe bendera, kama walivyofunikwa wa Semuliki. Ndege igeuze mkia wake kuelekea kwa wananchi na mlango wa nyuma ufunguliwe mbele yao, mchana, watoto wa shule wakiwepo. Wabebaji wawe wa ukoo wa Mbano na askari kwa pamoja. Jina lake litajwe kwa sauti na cheo chake, Nduna, kabla miguu ya wabebaji haijagusa ardhi ya kwao. Na kama watapatikana wengine wa Ruvuma miongoni mwa wale 200, waje kwa mlango huo huo, kila mmoja kwa jina lake, hata ikibidi kusubiri vipimo miaka mingine.

Uwanja upo. Ndege zipo, na askari wa kubeba wako hapa hapa mjini. Wizara ianze kuzungumza na ukoo mwaka huu.